Nani Aliruhusiwa Kusema "Bunduki Hii Mbovu"?

Tarehe 21 Aprili 1909, katikati ya masika, meli ya Kijerumani iliyoitwa Admiral ilifika Mombasa. Ndani yake alikuwamo jamaa mmoja mnene, masharubu na miwani, ambaye wiki saba nyuma bado alikuwa rais wa Marekani. Theodore Roosevelt. Alikuja kuwinda pamoja na mwanawe Kermit, na kwenye masanduku yao kulikuwa na bunduki za aina ambayo leo nataka tuizungumzie: Winchester modeli ya 1895, bunduki ya wenzo.

Kama umeangalia filamu za macowboy, ushaiona bunduki ya wenzo. Chini, pale kidole kinapokaa kwa kifyatulio, kuna mkono wa chuma wa kuingiza vidole. Ukiusukuma chini, ganda la risasi iliyotumika linaruka nje. Ukiurudisha juu, risasi mpya ishaingia. Chak-chak, basi uko tayari. Hakuna haja ya kushindilia baruti na mdeki kama babu zetu.

Kabla hatujaenda mbali: hii si posti ya kukufundisha kununua bunduki. Kenya hii silaha bila leseni ni jela, sheria ya silaha Sura ya 114 haina mzaha, na sina hamu ya kukuona kwa habari za saa moja. Mimi kilichonishika ni kitu kingine kabisa.

Ni hiki. Mwaka 1908, Roosevelt akiwa bado Ikulu ya Washington, aliagiza bunduki zake kwa kampuni ya Winchester kule New Haven, jimbo la Connecticut. Zilipofika akazikagua, akakasirika. Kilengeo cha nyuma, yaani kile kijichuma unachopitishia jicho ukilenga, hakikuwa kama mfano aliowatumia. Akaandika barua kali, akazirudisha. Kampuni ikarekebisha.

Yaani unaona? Mtu kanunua kitu kipya, kakiangalia, kaona hakikutengenezwa sawa, akasema sikitaki hivi. Na kiwanda kikamsikiza.

Hapo ndo nikajiuliza: na watu wa huku pwani, waliokuwa wakinunua bunduki miaka thelathini kabla yake, wao waliweza kumrudishia nani?

Hebu kwanza tuseme anayejua bunduki hukagua vipi, manake ukishajua hilo ndo utaona uchungu wa hii stori. Na usifikiri ni mambo ya ajabu. Ukienda Kongowea kununua raba za mitumba, si unazikunja soli, unachungulia gundi, unaingiza mkono ndani kuona kama kitambaa kimechanika? Ni akili ile ile.

Anayejua anaanza pale mbao inapokutana na chuma. Kiwanda kizuri kinakata mbao ikae na chuma kama kucha na kidole, huwezi kupitisha hata karatasi. Ukiona pengo, au mbao imepanda juu ya chuma upande mmoja, ujue kuna mtu alikuwa na haraka. Na mtu aliyeharakisha nje unakoona, jiulize alifanya nini ndani usikoona. Halafu anaangalia vichwa vya skrubu. Vikiwa vimechubuka kwenye bunduki mpya, basi aliyekaza alitumia bisibisi isiyo size yake. Halafu wenzo wenyewe: uende chini bila kukwaruza, urudi, na ukifunga ufunge kabisa, usicheze kama mlango wa matatu ya zamani. Halafu anachungulia mtutu ukiwa mtupu. Ndani kuna mifereji iliyojipinda inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja; iwe safi, ing'ae. Mwisho, kilengeo cha mbele kisimame wima. Kikilala kidogo tu upande mmoja, utalenga mbuzi upige mnazi.

Haya yote yanataka mambo mawili: uwe na bunduki nzuri pembeni ya kulinganisha, na uwe na pahala pa kurudisha. La pili ndo zito.

Sasa turudi nyuma.

Miaka ya 1860, majeshi ya Ulaya yalianza kuziacha bunduki za kushindilia kwa mbele na kushika zile za kuingiza risasi kwa nyuma. Uingereza ikaleta Snider mwaka 1866, halafu Martini-Henry mwaka 1871. Wafaransa wakaleta Lebel mwaka 1886, yenye risasi nyingi ndani na baruti isiyotoa moshi mwingi. Kila nchi ilikuwa inambio na jirani yake. Na kila wakibadilisha, zile za zamani zilibaki maghalani, malaki kwa malaki. Unadhani zilienda wapi?

Ndio. Nguo za mtumba hazikuwa mtumba wa kwanza kufika huku.

Unguja ndo ilikuwa soko kubwa. Balozi wa Uingereza pale, Euan-Smith, mwaka 1888 alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Kwa mwaka! Zikitoka Unguja zinasambaa pwani nzima na barabara za misafara, mpaka Tabora, mpaka Buganda, mpaka Kongo ya mashariki kwa kina Tippu Tip. Na zilikuwa za kila rangi. Kulikuwa na gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche ya jiwe. Kulikuwa na za fataki. Kulikuwa na Snider na Remington zilizoachwa na jeshi fulani. Na juu ya hizo kulikuwa na bunduki zilizotengenezwa mpya kabisa huko Birmingham na Liège, lakini kwa bei ya chini makusudi, kwa ajili ya "biashara ya Afrika".

Hapa nataka tukae kidogo. Birmingham ilikuwa na nyumba ya kupima mitutu tangu 1813, na Liège tangu karne ya 17. Kazi yao ilikuwa kutia baruti nyingi kuliko kawaida, kulipua, na mtutu usipopasuka unagongwa muhuri. Muhuri ule ndo ulikuwa kama kibandiko cha KEBS cha zama hizo. Kwa hiyo usiniambie watu wa Ulaya hawakujua tofauti ya mtutu mzuri na mbaya. Walijua sana. Walikuwa na sheria, nyumba na mihuri ya jambo hilo. Bunduki ya bei rahisi ya kuuzwa Afrika ilikuwa uamuzi, haikuwa bahati mbaya.

Na mtutu mbaya si sawa na simu feki. Simu feki inazima. Mtutu mbaya unapasukia kwenye mkono wako, karibu na jicho lako.

Najua mtu atasema, ah, babu zetu walidanganywa kwa shanga na vioo, hawakujua kitu. Hiyo stori nimeichoka, wallahi. Chukua mfano wa Buganda. Mwaka 1890 Mwingereza Frederick Lugard alitoka Mombasa kwa miguu akaenda bara, akafika Kampala mwezi wa Disemba. Lugard hakuwa mtu wa kumsifu Mwafrika bure, soma vitabu vyake uone. Lakini aliandika kuhusu mafundi chuma wa Baganda kwa mshangao: fundi wa pale anakuchongea kitako kipya cha bunduki, na ni kazi kweli kukitofautisha na kilichotoka kwa fundi wa London. Watu walikuwa wanatengeneza springi na skrubu kwa mkono!

Sasa niambie, fundi anayeweza kutengeneza kitako cha namna hiyo, atashindwa kujua kwamba bunduki aliyoletewa ina mbao iliyokaa vibaya? Alijua. Alijua kabla hajaishika. Tatizo halikuwa jicho. Msafara kutoka pwani unachukua miezi. Aliyeleta bunduki kashalipwa pembe za ndovu, kashaondoka. Ukiikataa hii, inayofuata inakuja mwaka ujao, na jirani yako hajaikataa, na jirani yako ana ugomvi na wewe. Kwa hiyo unachukua ile mbovu, unamwita fundi, unaitengeneza.

Mimi hapo naona kitu ambacho bado tunakifanya mpaka leo. Gereji zetu za Changamwe na Magongo zimejaa watu wanaotengeneza vitu vilivyoshindikana kwengine. Tunaita ujanja, tunajisifu. Sawa, ni ujanja. Lakini ni ujanja wa mtu aliyenyimwa pa kurudisha.

Halafu mambo yakaharibika zaidi, na safari hii kwa sheria.

Tarehe 2 Julai 1890, wakubwa wa Ulaya na wenzao walitia sahihi mkataba Brussels. Lengo lililotangazwa lilikuwa kumaliza biashara ya watumwa, na kweli, biashara ile ilikuwa uchafu na bunduki zilikuwa zinaiendesha. Hilo silifichi. Watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, walihusika, na waliokuwa wanakamatwa ni watu kama wazee wa hao walioletwa kuishi Frere Town, hapo Kisauni, miaka ya 1870. Kengele ya Kengeleni bado iko. Kwa hiyo mtu asinisome vibaya eti nalilia wafanyabiashara wa silaha.

Lakini soma mkataba wenyewe ulisema nini kuhusu bunduki. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini, yaani karibu Afrika yote ya katikati pamoja na hapa kwetu, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zilipigwa marufuku kuuzwa. Kilichoruhusiwa, kwa masharti, ni gumegume zisizo na mifereji, na baruti ya kawaida ya biashara. Serikali za kikoloni zenyewe zilibaki na ruhusa ya kushika za kisasa, na msafiri angeweza kupewa kibali.

Yaani ubora wa kitu uliandikwa kwenye sheria kulingana na wewe ni nani. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, 1887, Stanley alipita Unguja akielekea kumtafuta Emin Pasha akiwa na Winchester 50 za kufululiza risasi, Remington 510, na bunduki mpya ya Maxim ya kujipiga yenyewe. Mkataba ule haukumzuia mtu kama yeye. Ulimzuia aliyekuwa upande wa pili.

Na upande wa pili ulikuwa hapa hapa. Ukivuka feri Likoni, ukashika barabara ya kusini ukapita Ukunda, utafika Gazi. Pale ndo palikuwa makao ya Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, watu waliowahi kuitawala Mombasa kabla ya Busaidi kuwatoa mwaka 1837. Mwaka 1895 ugomvi wa urithi wa Takaungu uliwaka, Waingereza wakaingilia, Mbaruk akawa upande wa waliokataa. Mwezi wa Agosti mwaka ule, Admirali Rawson aliongoza wanamaji wake mpaka ngome ya Mbaruk kule Mwele, kwenye vilima vya bara, wakaivunja. Hakumpata. Vita vikaendelea mpaka Uingereza ikalazimika kuleta kikosi kutoka Bara Hindi, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910.

Sisemi angeshinda angekuwa na silaha nzuri. Nguvu ya dola ile haikuwa bunduki peke yake. Kulikuwa na meli, pesa na muda. Ninachosema ni kwamba pwani nzima ilipigana miezi kumi chini ya sheria iliyosema haifai kununua kizuri.

(Na angalia huo mwaka. 1895 Winchester ilitoa modeli ile aliyokuja nayo Roosevelt, iliyobuniwa na John Browning. Zile za zamani zilipanga risasi kwenye bomba chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo risasi yenye ncha kali ilikuwa hatari: ncha ya nyuma inagusa kitako cha risasi ya mbele, ukitikisika inaweza kulipuka. Browning akaweka kisanduku chini, risasi zikapandana. Wakati jamaa anatatua shida hiyo Marekani, huku Mwele panaungua. Sina la kuongeza, nimeona tu.)

Turudi kwa Roosevelt, tumemwacha bandarini.

Alilala Mombasa, akala chakula cha jioni Mombasa Club, na kesho yake akapanda treni ya reli ya Uganda. Treni ile ilikuwa inatoka kisiwani, inavuka Makupa, inapanda Changamwe, halafu bara. Kwa hiyo zile Winchester zilizokaguliwa, zikarudishwa, zikarekebishwa, zilipita Changamwe, hapo hapo reli ya zamani inapopita. Safarini yeye aliua wanyama 296 na Kermit 216, jumla 512, na aliisifia sana Winchester ile kwa simba. Wengi wa wanyama walienda makumbusho ya Smithsonian. Wewe ukikutwa na nyama ya paa Kwale leo unalala ndani, lakini hiyo ni posti nyengine.

Kuna watu wawili ambao kwa mimi ndo wenye stori. Wabeba bunduki wake wa kwanza walikuwa Bakari na Muhamed. Kazi ya mbeba bunduki ni kutembea hatua moja nyuma ya bwana, kushika bunduki ya pili, na kumkabidhi wakati simba anakuja. Ina maana Bakari alizijua bunduki zile kwa mkono kama dereva anavyojua gia. Angekuwa wa kwanza kuhisi wenzo umelegea. Lakini kuwa na Winchester yake mwenyewe, hilo lilitaka vibali ambavyo havikuandikwa kwa ajili yake. Mjuzi wa bunduki alikuwa yeye, mwenye haki ya kuandika barua New Haven alikuwa mwengine.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya zamani, siku hizi kila kiwanda kina mashine, vitu vyote viko sawa. Mwulize Mmarekani anayependa bunduki za wenzo kuhusu Marlin. Marlin ni mpinzani wa Winchester tangu karne ya 19, kiwanda chao kilikuwa North Haven, Connecticut. Mwisho wa 2007 wakanunuliwa na Remington. Miaka michache baadaye kiwanda kikafungwa, kazi ikahamishiwa Ilion, New York, na mafundi wa zamani wengi hawakuhama nayo. Zilizotoka baada ya hapo zilikuwa aibu: kilengeo kimelala, mbao ina mapengo, wenzo unakwaruza. Ujuzi ulikuwa kwenye mikono ya wale wazee, na wazee walishaambiwa kwaheri. Remington ikafilisika, 2020 Ruger wakainunua Marlin, wakaanza upya, na bunduki yao ya kwanza ikatoka Disemba 2021. Modeli gani? 1895. Mwaka huu unanifuata.

Lakini ona tofauti. Wanunuzi wa Marekani walilalamika, wakarudisha, wakakataa kununua, na jina la kampuni likaporomoka sokoni. Bidhaa mbovu ilipata gharama. Mwaka 1888 huku kwetu, bidhaa mbovu ilikuwa faida.

Sisi leo tuna Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, kinachosema mnunuzi ana haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Kimeandikwa wazi, hakiulizi wewe ni nani wala unatoka ng'ambo gani ya feri. Halafu unaingia duka la simu, la viatu, la vipuri vya pikipiki, iwe Likoni, iwe Mtopanga, iwe Mikindani, na juu ya kichwa cha muuzaji kuna karatasi imebandikwa kwa selotepu: "Mali ikiuzwa hairudishwi." Wiki hii nimeihesabu kwenye maduka sita. Na wateja wote, mimi nikiwa mmoja, tunaisoma, tunatoa pesa.